Ayubu hakunyamaza. Mbona wenye msiba tunawataka wanyamaze?

#1 Mwalimu wa Wete (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Huku Wete, Pemba, sie Wakristo tu wachache, tunajuana mpaka kiti anachokalia kila mtu kanisani. Kuna mama mmoja kati yetu, jina sitataja wala mtaa, ana kijana wa miaka tisa mwenye seli mundu. Wanaoujua ugonjwa huu wanazijua nyusiku zake. Mtoto anashikwa na maumivu ya mifupa, mapaja na mgongo, anajikunja mkekani, hataki hata shuka imguse. Mama anakaa pembeni na kikombe cha maji, anamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka kuche ipatikane gari ya kuwapeleka hospitali. Baba mvuvi, mara nyingi yuko dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani.

Sasa majuzi alikuja mhubiri mgeni. Akaalikwa kumuombea mtoto. Baada ya maombi akasema ile ni laana ya ukoo, na kwamba mmoja wa wazazi ana jambo kaficha, lisipofichuliwa mtoto haponi. Baadhi yetu tuliokuwepo pale tukaitikia "amina". Jumapili iliyofuata mama hakuja kanisani, wala iliyofuata tena. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nimeficha nini?"

Nimeandika kwa sababu ya swali hilo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kunikamatia: Biblia iko upande wa huyu mama, na kitabu cha Ayubu kimeandikwa dhidi ya yule mhubiri.

Tukiambiwa "Ayubu", sote tunakumbuka sura mbili za mwanzo na nusu ya sura ya mwisho. Tajiri wa nchi ya Usi, kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda wake 500, watoto kumi. Siku moja wajumbe wanapokezana mlangoni: Waseba wamechukua ng'ombe na punda, moto umeteketeza kondoo, Wakaldayo wamechukua ngamia, upepo wa jangwani umeiangusha nyumba juu ya watoto wote. Naye anasema "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Kisha majipu mwili mzima, anakaa majivuni anajikuna kwa kigae. Mwisho anarudishiwa maradufu. Hapo ndipo mahubiri mengi yanapoishia: vumilia, nyamaza, utalipwa.

Lakini kitabu kina sura 42. Katikati mna nini?

Sura ya 3 Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Sura ya 7 anamwambia Mungu amwondolee macho angalau ameze mate. Sura ya 9 anasema nchi imetiwa mikononi mwa waovu, na kama si Mungu aliyefanya hivyo, basi ni nani? Sura ya 10 anamtaka Mungu amwambie kwa nini anashindana naye. Huyu ndiye tunayemtolea mfano wa mtu mkimya!

Na marafiki zake? Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vizuri sana. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mtu kumsemesha neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wangeishia hapo wangekuwa mashujaa wa kitabu. Walipofungua midomo walikuwa na hoja moja wakaizungushazungusha mpaka ikawachosha wenyewe: Mungu ni wa haki, wewe unateseka, basi kuna ulilofanya. Ule msemo wetu wa msiba wa kujitakia hauna kilio, wao waliufanya sheria ya misiba yote. Elifazi alianza kwa upole sura ya 4, lakini kufika sura ya 22 ameshamtungia Ayubu dhambi kabisa: umewavua watu nguo zao, mchovu hukumpa maji, wajane umewafukuza mikono mitupu. Ushahidi hana. Anahitaji tu dhambi ipatikane ili hesabu yake ikae sawa.

Sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Waliomtetea Mungu ndio waliokemewa. Aliyemlalamikia ndiye aliyeambiwa kanena sawa.

Na hili ndilo lililonikalisha kitako: pitia kitabu chote, hutakuta mahali hata pamoja ambapo marafiki wale wanamwomba Mungu kwa ajili ya Ayubu. Wanazungumza habari za Mungu tu. Ayubu peke yake ndiye anayeacha kuwajibu katikati ya maneno, akageuka na kusema "Wewe". Hata anapofoka, anamfokea Mungu mwenyewe. Kwangu mie hiyo ndiyo imani yake iliyobaki baada ya kila kitu kuondoka.

Karibuni.

#2 Yakhe wa Darajani

Nimekaa mbele kabisa, kahawa na kashata mkononi. Ngoja waje wenye Biblia zao.

#3 Mtumishi wa Moto

Mleta uzi unapotosha. Ayubu alitubu "katika mavumbi na majivu" (42:6). Angekuwa hana kosa angetubia nini? Laana za ukoo zipo, soma Kutoka 20:5, Mungu anapatiliza uovu wa baba kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Huyo mama asimkasirikie mtumishi wa Mungu, aingie kwenye maombi ya kufunguliwa.

#4 Mwalimu wa Wete

Mtumishi, karibu. Swali lako la toba ni zuri, nilijua litakuja.

Ayubu anasema mwenyewe anachokifuta, mstari wa 3: amesema maneno asiyoyafahamu, mambo ya ajabu yaliyomshinda. Ni kweli Mungu alimkalisha kuanzia sura ya 38, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Lakini hakuna mahali anapokiri zile dhambi za Elifazi, na Mungu naye hamtajii hata moja. Sura ya kwanza Mungu mwenyewe kashamshuhudia kuwa ni mkamilifu na mwelekevu. Kama unataka kumpa kosa lililomletea majipu, utakuwa unabishana na mstari wa 8 wa sura ya 1.

Kutoka 20:5 usiisome bila Ezekieli 18. Wana wa Israeli walikuwa na mithali yao kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu akawakataza wasiitumie tena. Roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba. Na Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu swali la mhubiri wetu neno kwa neno: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu? Jibu unalijua: si yeye wala wazazi wake.

#5 Nesi wa Zamu

Mie si mtu wa dini sana ila hapo kwenye "nimeficha nini" nimeumia, wacha niseme.

Mwalimu, kamwambie hivi. Seli mundu mtoto anairithi kwa baba NA mama, kila mmoja anatoa chembe moja ya urithi. Mwenye chembe moja tu haumwi, anaishi maisha yake yote asijue kama anayo mpaka apimwe damu. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Na chembe hii imeenea sehemu kama zetu kwa sababu aliye na moja anapata kinga dhidi ya malaria kali. Yaani kilichowaokoa mababu wasife na malaria ndicho kinachomtesa yule kijana leo. Hakuna aliyeficha kitu. Wazazi wenyewe hawakujua wamebeba nini.

La pili: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale kwenye chandarua, homa isisubiriwe asubuhi. Amuulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiyurea, inapunguza sana yale maumivu kwa wengi. Na akija mtu kumwambia aache dawa "kwa imani", amfungulie mlango atoke.

#6 Yakhe wa Darajani

Nesi kamaliza. Funga uzi 😂

#7 Mpiga Zumari

Haufungwi. Nna swali ambalo walokole hawalipendi.

Mwalimu umepaka rangi katikati ukaacha mwanzo na mwisho. Mwanzo: Mungu na Shetani wanabishana mbinguni, watoto kumi wanakufa ili ijulikane nani mkweli. Mwisho: Ayubu anapewa watoto kumi wapya, mambo yamekwisha, kila mtu anafurahi. Wale wa kwanza walikosa nini? Walikuwa wanakula karamu kwa kaka yao tu. Ngamia unaweza kulipwa kwa ngamia. Mtoto je?

#8 Bi Mkubwa wa Chake

Zumari umeuliza swali la mwanamme. Wacha nikujibu mie niliyezika.

Nilimzika binti yangu akiwa na miaka mitatu. Baadaye Mungu akanijaalia wengine. Watu walikuwa wanakuja na maandazi yao na chai wanasema "si unaona, Mungu kakulipa". Nawaitikia ndiyo, ndiyo, wakitoka naosha vikombe vyao kwa hasira mpaka kimoja kikavunjika mpini. Mtoto hana badala. Wa pili ni wa pili, wa kwanza bado ana jina lake na siku yake.

Lakini angalieni kitabu chenyewe. Kondoo walikuwa 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Ng'ombe na punda pia wameongezwa mara mbili. Watoto? Walikuwa wavulana saba na wasichana watatu, wakaja saba na watatu. Hawakuzidishwa. Mie siku niliyoliona hilo nilisema huyu mwandishi alijua kuwa watoto hawahesabiwi pamoja na mifugo. Marehemu mchungaji wetu alikuwa akisema hawakuzidishwa kwa sababu wale wa kwanza Mungu bado anawahesabu. Sijui kama ni tafsiri ya kisomi, mie imenisaidia kulala.

Na mke wa Ayubu nani anamsemea? Anasemwa kila mwaka siku ya akina mama kama mfano mbaya, "umkufuru Mungu, ukafe". Watoto kumi wale alizaa nani? Mwisho Mungu anawakemea wanaume watatu waliokaa wakihubiri. Mwanamke hakumgusa.

#9 Mpiga Zumari

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la hesabu ya watoto sikuwahi kuliona. Swali langu la mwanzo wa kitabu bado liko palepale lakini nimekusikia.

#10 Mwalimu wa Wete

Zumari, hilo la mwanzo sina jibu la kukufurahisha, na sidhani kitabu kinalo. Ninachokiona ni hiki: Shetani akitoka sura ya 2 harudi tena. Mungu anapokuja kuzungumza katika upepo wa kisulisuli, sura nne nzima, hamwambii Ayubu habari ya yale mabishano. Anamtajia mvua inayonyesha jangwani pasipo na mtu, mbuzi wa majabali wanavyozaa, mbuni anayesahau mayai yake mchangani, na wale wanyama wa kutisha, Behemothi na Lewiathani. Ayubu anakufa mzee wa siku nyingi bila kuambiwa sababu. Sisi wasomaji tunaijua na yeye haijui.

Kwa hiyo yeyote anayekuja kwenye kitanda cha mgonjwa akisema "sababu ni hii" anadai kujua ambacho hata Ayubu hakuambiwa.

Alichopata ni Mungu mwenyewe kuja. "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona." Kwako pengine hilo ni dogo. Kwa Ayubu ndilo alilokuwa akilidai tangu mwanzo, kwamba wakutane ana kwa ana. Hakuwahi kuomba aponywe, tazama utaona.

#11 Ustadh wa Mkoani

Assalaam alaykum kwa Waislamu, na wengine habari zenu.

Nabii Ayub (a.s.) ni wetu sote, kwa hiyo naomba nafasi. Katika Qur'ani habari yake ni fupi. Sura ya 21 anamwita Mola wake kuwa yamemgusa madhara na Yeye ndiye mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Sura ya 38 anaamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yanatoka maji baridi ya kuoga na kunywa, na Mwenyezi Mungu anasema amemkuta mwenye subira, mja mwema. Yale mabishano marefu ya kwenu kwetu hayamo, na hapo tunatofautiana, hakuna haja ya kufichana.

Lakini tazama dua yake. Anataja maumivu, hajifanyi hayapo. Masheikh wetu wanafundisha kuwa kumshitakia Mungu shida yako hakuivunji subira. Na katika Hadithi tunajua wanaojaribiwa zaidi kuliko watu wote ni Mitume, kisha wanaowafuatia kwa ubora. Sasa mtu akiona mgonjwa akasema "huyu ana dhambi", Mitume atawaweka wapi?

Sie Wapemba tuna funzo letu. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikitoka Unguja kuja huku, hakuna kijiji kisichokuwa na jamaa au jirani wa mtu aliyekuwemo. Matanga tuliyaweka nyumba kwa nyumba. Na bado walipatikana watu wa kusema hayo ni madhambi ya watu. Madhambi gani ya mtoto wa kunyonya? Meli ilijazwa kupita uwezo wake, ndiyo dhambi ninayoijua, na waliofanya hivyo siyo waliozama.

#12 Mkunazini Kwetu

Ustadh umenikumbusha Luka 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara huko Siloamu, Yesu akauliza, mwadhani wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu sivyo.

Nami niongeze la huku mjini Unguja. Kanisa letu Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873 wakati wa Sayyid Barghash, na ujenzi ukaanza mwaka huohuo. Tunaonyeshwa madhabahu, tunaambiwa ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watu. Wakristo wengi wa mwanzo wa hapa walikuwa watumwa walioachiwa huru, wengine wakakaa Mbweni. Hebu yule mhubiri aje asimame pale madhabahuni atuambie wale waliofungwa minyororo kutoka bara walikuwa na laana ya ukoo upi! Sie imani tumeipokea kwa watu walioteswa bila kosa. Wangeamini kama Elifazi wangeshukuru kwa minyororo.

#13 Mwanafunzi wa Uzini

Samahani wakubwa, naomba kupinga kidogo. Mwalimu anawafanya marafiki wa Ayubu kama hawana hata neno moja la kweli. Paulo katika 1 Wakorintho 3:19 anasema "imeandikwa" halafu ananukuu "Yeye ndiye awanasaye wenye hekima katika hila yao". Hayo ni maneno ya Elifazi, Ayubu 5:13! Sasa ni ya kweli au ya uongo?

#14 Mwalimu wa Wete

Mwanafunzi, hongera, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za humu, na ya Mtumishi ilikuwa nyepesi.

Ni kweli, na ndiyo inayomfanya Elifazi awe wa hatari. Angekuwa anasema upuuzi Ayubu angecheka. Anasema mambo ambayo ukiyaandika ubaoni yote ni sahihi: Mungu huwanasa wajanja, Mungu hurudi, yaani huadibu, na heri anayerudiwa. Kosa ni kwa nani anayaelekeza. Neno la kumwonya mwizi amelichukua akampiga nalo mtu aliyefiwa. Ndiyo maana Ayubu anawajibu amesikia mengi kama hayo, "Ninyi nyote ni wafariji wenye kutaabisha." Hawaambii ni waongo tu, anawaambia wanaongeza mzigo.

#15 Bi Mkubwa wa Chake

Mwalimu, huyo mama amerudi kanisani?

#16 Mwalimu wa Wete

Bado. Nilikwenda na mke wangu juzi. Maneno ya Nesi nilimsomea kutoka kwenye simu, akaniambia nirudie ile sehemu ya moja katika nne, kisha akamwita mume wake aje asikie. Kumbe na baba naye alikuwa akijihesabia dhambi zake za ujanani kimyakimya, kila mmoja anaogopa kumwambia mwenzake.

Mke wangu akasoma Zaburi ya 88. Kwa wasioijua, ni Zaburi inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Hakuna "lakini nitamsifu" mwishoni. Mama akauliza, "Hii imo kwenye Biblia yetu?" Akaomba imwekewe alama.

Jirani yao Muislamu ndiye aliyewapakia kwenye pikipiki mara ya mwisho saa nane usiku. Hakuhubiri kitu.

#17 Mtumishi wa Moto

Mnamkatisha tamaa huyo mama na Zaburi za giza. Mpeni neno la ushindi. Ayubu 8:7, "Tena ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana." Au Ayubu 22:21, "Mjue sana Mungu, ili uwe na amani. Ndivyo mema yatakavyokujia." Hayo ndiyo maneno ya kumtia mtu nguvu.

#18 Mwalimu wa Wete

Mtumishi, la pili ni la Elifazi, sura ileile aliyomzulia Ayubu dhambi za wajane. La kwanza ni la Bildadi. Liko kwenye kalenda na kadi za harusi kote, najua. Panda mistari mitatu juu, soma 8:4, uone alichomwambia baba aliyefiwa na watoto kumi kabla hajafika kwenye huo mwisho mkubwa.

#19 Yakhe wa Darajani

Nimeisoma 8:4. Eti watoto wamekufa kwa makosa yao wenyewe. Anamwambia baba yao!! Yakhe, mie nilikuwa nayo 8:7 ukutani dukani.

#20 Mwanafunzi wa Uzini

Mwalimu, kwa mtu anayetaka kuanza kukisoma Ayubu chote, aanzie wapi asichoke?

#21 Mwalimu wa Wete

Sura ya 1 mpaka ya 3 kwa mara moja. Kisha ruka, soma majibu ya Ayubu peke yake: 6 na 7, 9 na 10, 12 mpaka 14, 16 na 17, 19, 21, 23, halafu 29 mpaka 31. Ukifika 19:25, anaposema Mteteaji wake yu hai, angalia yuko katika hali gani anapolisema hilo, majipu bado yapo na nyumba bado iko chini. Halafu 38 mpaka mwisho. Ukimaliza ndiyo urudi uwasome marafiki na Elihu, yule kijana anayeingilia sura ya 32. Na 42:10 isome taratibu, utaona aliwaombea wale watatu kabla hajarudishiwa chochote.